Barabara ya Majani: Kutoka Kericho Hadi Sotik



Ndugu wasomaji, safari yetu ya juma hili yaanzia jikoni. Ni baada ya Sala ya Alfajiri. Mama wa nyumba ameinjika chai ya maziwa, ametia iliki na tangawizi. Mahamri yamepangwa kwenye sinia na mbaazi za nazi zimeshapakuliwa. Mzee anataka yake ya mkandaa, isiyo maziwa. Sisi sote tunaijua bei ya pakiti ya majani dukani, na tunajua ni yapi yenye rangi na yapi yasiyo. Ila ni wachache kati yetu waliowahi kuuliza majani hayo yamepita njia gani hata yakafika mezani petu.

Ndiyo maana leo tunawachukua hadi kwenye barabara moja ya bara. Ni fupi, kilomita zipatazo 50 tu. Yaanzia mji wa Kericho, yashuka kusini kupitia Chemosit, Litein, Kapkatet na Kaplong, kisha yaingia Sotik katika kaunti ya Bomet. Kwenye ramani ya Kenya ni kama uzi ulioanguka juu ya mkeka. Hata hivyo, tukiifuata kwa makini, itatueleza habari za ardhi, za jasho na za chai, na mwisho itatuuliza swali ambalo hatuna budi kulijibu sisi watu wa Pwani pia.

Msafiri atokaye Mombasa huifikia barabara hii kwa kupitia Nairobi na Nakuru, kisha hupanda milima ya Mau. Penye Mau Summit njia hugawanyika: moja huelekea Eldoret na Uganda, na nyingine hushika kushoto kuelekea Kericho na Kisumu. Kabla ya kufika Kericho hupita mahali paitwapo njia panda ya Londiani. Tulikumbuke jina hilo, kwani tutarudi hapo.

Kericho imekaa karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Asubuhi jua huwa kali na anga safi; alasiri mawingu hukusanyika na mvua hunyesha, pengine pamoja na mvua ya mawe. Hali hiyo ndiyo chai iipendayo. Ukitoka mjini kuelekea Sotik, waingia mara moja katika mashamba makubwa. Huku chai, kule chai, imekatwa ikalingana kama zulia lililotandikwa juu ya vilima, na katikati yake pamesimama miti mirefu ya mikaratusi, ambayo kuni zake huwasha majiko ya viwandani. Kwa kilomita nyingi huoni boma la mtu wala ng'ombe malishoni. Waona chai, safu za nyumba za wafanyakazi, na mabango ya kampuni.

Kisha wafika Chemosit. Jina hili lina kisa. Katika hadithi za kale za Wakalenjin, chemosit ni zimwi, nusu mtu na nusu ndege, lenye mguu mmoja na kinywa chekundu king'aacho gizani mithili ya taa. Bibi zao huko waliwatishia watoto kwa zimwi hilo ili wasitoke nje usiku, kama bibi zetu walivyotutishia sisi kwa mazimwi yetu.

Ukishapita hapo, nchi yabadilika. Zulia lile kubwa lakatikakatika likawa vipande vidogovidogo. Hapa robo ekari ya chai, pale mahindi, mbele yake ng'ombe wawili wa maziwa, nyumba ya mabati na migomba michache nyuma yake. Umeingia Bureti, nchi ya wakulima wadogo. Litein ndio mji wake, wenye soko kubwa na hospitali ya misheni. Mbele yake ni Kapkatet yenye hospitali ya kaunti. Na Kaplong, ambako hospitali ya misheni ya Kikatoliki iko kando ya njia, ndipo barabara ya Bomet na Narok inapojiunga. Hatua chache mbele ni Sotik, mji wa maziwa na chai. Aendeleaye mbele atafika Chebilat, soko lililo mpakani mwa Wakipsigis na Wakisii, kisha Kisii yenyewe.

Mpaka wa kaunti ya Kericho na ile ya Bomet unakatiza njia hii, lakini watu ni wamoja. Bomet ilikuwa sehemu ya wilaya ya Kericho hadi mwaka wa 1992. Wazazi wa pande zote mbili husalimiana kwa neno moja, "Chamgei", na kujibiwa "Chamgei mising". Pande zote mbili pia humkaribisha mgeni kwa mursik, maziwa ya mgando yanayohifadhiwa ndani ya kibuyu kilichosafishwa kwa mkaa wa mti maalumu.

Hiyo ndiyo njia yenyewe. Sasa tuitazame historia yake, kwa kuwa mpito ule kutoka zulia kubwa hadi vipande vidogo haukutokea wenyewe.

Reli ya Uganda ilifika ukingo wa Ziwa Victoria mwaka wa 1901, lakini haikupita Kericho. Kituo cha karibu kilikuwa Lumbwa, ndipo Kipkelion ya leo, na kutoka hapo mizigo ilikokotwa kwa magari ya ng'ombe katika tope la milimani. Kusini, mwaka wa 1905, jeshi la Waingereza liliwavamia watu wa Sotik, likaua wengi na kuchukua maelfu ya mifugo. Baada ya hapo ardhi ya Sotik ikagawiwa walowezi wa Kizungu, mashamba yao yakawekwa kama ukuta baina ya Wakipsigis na Wakisii.

Upande wa Kericho, mwaka wa 1919, serikali ya kikoloni ilitenga ekari zipatazo 25,000 kwa ajili ya maafisa wa kijeshi wa Kiingereza waliolemaa katika Vita Vikuu vya Kwanza. Walipanda kitani. Bei ya kitani ikaanguka, reli ikawa mbali, na mradi ukafa baada ya miaka michache. Ardhi haikurudi kwa wenyewe. Katikati ya miaka ya 1920 zikaingia kampuni za Brooke Bond na James Finlay zikapanda chai. Mwaka wa 1934 ukoo wa Talai, ambao ndio waliokuwa viongozi wa kiroho wa Wakipsigis, ulihamishwa kwa sheria maalumu na kupelekwa Gwassi, karibu na Ziwa Victoria, penye joto na mbung'o. Madai ya ardhi hiyo hayajafa. Mwaka wa 2022 yalifikishwa mbele ya Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya.

Na barabara? Tusidhani zilitengenezwa kwa mashine. Sheria ya mwaka wa 1912 iliwapa machifu nguvu ya kuwaamuru watu kufanya kazi za kijiji, barabara zikiwemo, bila ujira. Wazee wetu hapa Pwani nao waliijua amri hiyo. Kwa hiyo barabara nyingi za zama zile zilichimbwa kwa majembe ya watu ambao hawakuwa na gari la kupitisha juu yake.

Mwafrika naye hakuruhusiwa kulima chai. Alikuwa mchumaji wa chai ya mwingine. Mlango ulifunguliwa katika miaka ya 1950, hasa baada ya Mpango wa Swynnerton wa mwaka wa 1954 ulioruhusu wakulima Waafrika kupanda mazao ya biashara. Baada ya uhuru, mwaka wa 1964, likaundwa shirika la serikali la kuendeleza chai ya wakulima wadogo, KTDA, ambalo tangu mwaka wa 2000 limekuwa kampuni ya wakulima wenyewe. Hapo ndipo Bureti, Konoin na Bomet zilipogeuka kijani.

Hapo pia ndipo barabara ilipopata maana mpya. Jani la chai halina subira. Mchumaji, na mara nyingi ni mwanamke, huamka mapema akachuma majani mawili na kichipukizi, akajaza kapu lililo mgongoni. Kila kichaka hurudiwa baada ya siku saba hadi kumi na nne. Akishachuma hupeleka majani kwenye kituo cha kununulia, yakapimwa, akangoja lori la kiwanda. Lori likichelewa, majani yaliyoshindiliwa hupata joto, huanza kuwa mekundu, na kiwanda huyakataa. Mvua ikinyesha, na lori likakwama topeni, jasho la siku nzima laenda bure. Zinahitajika kilo nne hadi tano za majani mabichi ili kupata kilo moja ya chai kavu. Basi na tukadirie ni mikono mingapi iliyopita juu ya pakiti moja ya dukani.

Ndiyo maana chai ya wakulima wadogo na barabara zilikua pamoja kama mapacha. Vijia vya changarawe vilichongwa kutoka kila kituo hadi kiwandani, na kutoka kiwandani hadi kwenye lami. Barabara ya Kericho na Sotik ikawa mto mkuu unaopokea vijito vyote hivyo: vya Litein, vya Kapkatet, vya Mogogosiek na kwingineko. Juu yake chai iliyokaushwa na kufungwa huanza safari ndefu ya kuja kwetu. Tangu mwaka wa 1969 mnada wa chai unafanyika Mombasa, na hapa huuzwa chai ya Kenya na ya nchi nyingine kadhaa za Afrika. Kutoka bandari yetu hupakiwa kwenda Pakistan, ambayo ndiyo mnunuzi mkubwa, na Misri, na Uingereza, na Yemen. Mama wa Karachi na mama wa Kibokoni huenda wanakoroga majani ya kilima kimoja.

Basi, wasomaji wetu, barabara hii ilitengenezwa kwa ajili ya jani. Upana wake, miteremko yake na madaraja yake vilipimwa kwa lori. Binadamu alikuja baadaye akakaa kando yake, maana penye lami ndipo penye wateja, ndipo penye gari la kwenda hospitali, ndipo penye shule.

Mmoja wetu alipita huko msimu wa mvua. Gari liliposimama Kaplong, alinunua ndizi kwa mama mmoja aliyekuwa ameketi na kikapu chake karibu mno na lami, kiasi kwamba kila trela lililopita lilimpeperushia leso. Mwenzetu akamwuliza, "Mama, huogopi kukaa hapa?"

Yule mama akacheka kidogo. "Naogopa, mama. Lakini nikikaa kule nyuma hakuna mtu ataniona. Bonasi ya chai inakuja mara moja kwa mwaka, na huku kwetu ni kidogo. Ada inatakiwa muhula huu."

Maneno hayo yana uzito. Ni kweli kwamba mkulima wa KTDA hupata malipo ya kila mwezi kwa kila kilo, kisha hungoja malipo ya pili ya mwisho wa mwaka, ndiyo wayaitayo bonasi. Na ni kweli kwamba viwanda vya magharibi ya Bonde la Ufa kwa kawaida hulipa bonasi ndogo kuliko vile vya mashariki, jambo ambalo limeleta malalamiko mengi. Baina ya malipo na malipo, mwanamke hushika kikapu. Ndizi, kabichi, maparachichi, mananasi ya Bureti, mahindi ya kuchoma: hivyo ndivyo vinavyonunua daftari na sabuni. Na mahali pa kuviuza ni pale gari linapopunguza mwendo.

Sasa turudi Londiani, kama tulivyoahidi. Jioni ya Ijumaa, tarehe 30 Juni 2023, katika siku za Idd kubwa, wakati ambapo nyumba nyingi za Pwani zilikuwa zingali na nyama ya udhia, lori lililobeba kontena liliacha njia penye njia panda ile. Liligonga magari, pikipiki, na wachuuzi waliokuwa wameketi na bidhaa zao, na watu waliokuwa wakingoja usafiri. Walikufa watu zaidi ya 50. Wengi wao hawakuwa safarini. Walikuwa kazini, kwenye vibanda vyao, wakitafuta riziki ya halali.

Baada ya msiba serikali ilitangaza kwamba wachuuzi wataondolewa kando ya barabara kuu. Nani atapinga uhai usilindwe? Lakini tukikumbuka maneno ya yule mama wa Kaplong, tutaona kwamba kumwondoa mtu ni nusu ya kazi, tena nusu iliyo nyepesi. Mchuuzi aliyefukuzwa leo bila kupewa pa kwenda atarudi kesho kutwa, kwa kuwa njaa haifukuziki kwa tangazo. Kinachotakiwa kinajulikana, wala si cha ajabu. Soko lijengwe hatua za kutosha kutoka kwenye lami, lakini liwe na maegesho na mlango unaoonekana, ili gari liingie na mteja ashuke kwa usalama. Stendi ya matatu na ya bodaboda ihamie huko huko, maana mteja hufuata stendi. Njia ya waendao kwa miguu ijengwe, na matuta na alama viwekwe kabla ya mji na si ndani yake. Na kabla ya ramani kuchorwa, wanawake wenye vikapu waulizwe, kwa kuwa wao ndio wajuao mteja anasimama wapi.

Huenda msomaji akasema: hayo ni ya Kericho na Bomet, sisi yatuhusu nini? Yanatuhusu kwa njia tatu.

Kwanza, malori mengi ya makontena yanayopanda kwenda bara hutoka katika bandari yetu, na madereva wengi ni waume zetu, kaka zetu na wana wetu. Dereva aliyeamka saa nane za usiku, akaambiwa afike kesho, akaendesha bila kulala, ni hatari kwa nafsi yake na kwa mama asiyemjua aliyeketi na ndizi. Mwenye gari anayempangia safari isiyowezekana ana sehemu yake katika dhima hiyo. Nasi nyumbani tunaweza kumwuliza mume au mwana: umelala? breki zimekaguliwa? Si maswali ya kumsumbua. Ni maswali ya kumpenda.

Pili, hali ile ile iko hapa kwetu. Tutazame Mariakani, Mazeras, Mtwapa, au njia ya Likoni kwenda Ukunda. Mama muuza machungwa na kijana wa madafu wameketi palepale alipoketi yule wa Kaplong. Tusingoje tuwe na Londiani yetu ndipo tukutane na wakubwa wa kaunti. Vikao vya maoni ya wananchi kuhusu bajeti huitishwa kila mwaka kwa mujibu wa sheria, na mara nyingi viti vya akina mama huwa vitupu. Tuvijaze.

Tatu, sisi ni wanywaji. Aliyekula embe hawezi kusema hamjui mwembe. Tukisafiri na watoto wakati wa likizo, tuwaambie dereva wetu waende taratibu penye watu. Tukitaka kununua, tusimamishe gari mahali palipo wazi nje ya lami, wala tusimwite mchuuzi akimbie katikati ya magari kwa ajili ya ndizi za shilingi hamsini. Na tukishanunua, tusimkazie bei mtu aliyeihatarisha roho yake kutuletea tunda dirishani.

Tulipokuwa chuoni, mwalimu alitufundisha kwamba njia ina haki yake, na kwamba kuondoa chenye madhara njiani ni sadaka. Tulidhani ni mwiba au jiwe, tukawa tunaokota miba tukitoka chuoni huku tukishindana nani ameokota mingi. Ukubwani tumejua kwamba madhara mengine hayaokoteki kwa mkono mmoja: uchovu wa dereva, soko lisilo na mahali, barabara iliyopimwa kwa lori ikamsahau mtu. Hayo huondolewa kwa mikono mingi, na huanza kwa kuyataja.

Kesho alfajiri, tutakapoinjika tena chai, tuiangalie rangi yake ikiingia majini. Jani hilo lilichumwa na mwanamke, likangoja lori, likapita Litein na Chemosit, likapanda Kericho, likapita Londiani, likashuka hadi bandarini. Mwenyezi Mungu awarehemu waliokufa kando ya njia hiyo, awape subira waliobaki, na awafikishe salama wote walio safarini. Amin.

Tukutane juma lijalo, inshaallah.